Bango la tabia njema la kutengenezwa kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mwalimu anapotoa kazi ya bango, na kila mtoto anapokumbuka saa mbili usiku kwamba kesho ni siku ya kuipeleka. Majibu yanalenga shule za msingi, hasa za Tanzania, ambako manila hununuliwa moja moja na maka peni huzunguka darasa zima. Ukilenga jambo moja tu, ruka hadi swali lake.

## Kabla ya kushika penseli

1. Bango lina tofauti gani na mchoro wa daftarini?

Mchoro wa daftarini unakaguliwa na mwalimu aliyeketi. Bango linasomwa na mtoto anayekimbilia kengele, akiwa mita tatu au tano kutoka ukutani. Ndiyo maana maneno yanakuwa machache, herufi nene, na picha moja kubwa badala ya ndogo sita.

Kwa hiyo mwanzo wa kazi si "utachora nini?" bali "litabandikwa wapi?" Bango la kunawa mikono linakaa penye maji, la kutunza vitabu linakaa kwenye kabati la vitabu, la kutupa taka linakaa juu ya pipa. Likiishia ofisini kwa mwalimu mkuu, limependezesha ofisi tu.

2. Bango moja libebe tabia ngapi?

Moja. Bango lenye kichwa "TABIA NJEMA" na orodha ya mambo kumi chini yake ndilo linalotengenezwa kuliko yote, na hakuna anayelimaliza kulisoma. Mwalimu akitaka tabia tano, makundi matano yatengeneze mabango matano.

Jaribio ni hili: mwonyeshe mtoto wa darasa jingine bango kwa sekunde tano, lifunike, kisha muulize linataka afanye nini. Akijibu kwa kitenzi kimoja ("ninawe", "nisubiri"), limefaulu. Akijibu "linahusu usafi", rudini mezani.

3. Mtoto amechagua "heshima". Inachorwaje?

Heshima haichoriki, ila matendo yake yanachorika. Muulize: mtu mwenye heshima ukimwona bombani anafanya nini? Anasubiri zamu yake. Basi bango ni "Subiri zamu yako", na picha ni foleni ya watoto wenye ndoo. "Bidii" inaweza kuwa "Maliza kazi ya nyumbani kabla ya kucheza". "Uaminifu" unaweza kuwa "Umeokota? Rudisha", pamoja na kalamu iliyoanguka karibu na dawati.

4. Tabia gani inafaa darasa gani?

Darasa la I na la II: tendo moja la mwili, maneno mawili au matatu. "Piga mswaki." "Tupa taka pipani." Darasa la III na la IV wanaweza sentensi ya maneno manne hadi sita. Kuanzia la V, ongeza sababu au kipimo: "Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili kila mara" linamfundisha hata aliyeamini kwamba anajua kupiga mswaki.

5. Kazi inachukua muda gani, na kundi liwe la watoto wangapi?

Vipindi viwili vya dakika 40, visifuatane. Cha kwanza ni cha kuchagua ujumbe na kuchora rasimu kwenye karatasi ndogo. Cha pili ni cha bango lenyewe. Ukivibana pamoja, watoto wanarukia manila na rasimu inasahaulika, na hapo ndipo manila zinapoharibika.

Kundi ni watoto wanne, wa tano ikibidi tu. Wakizidi, wawili wanachora na waliobaki wanagombania rula. Gawa kazi kwa majina: mwandishi wa herufi, mchoraji, mkataji na mbandikaji, na msomaji anayekagua tahajia kila hatua.

6. Kuna siku maalumu za kulenga?

Siku ya Kunawa Mikono Duniani ni tarehe 15 Oktoba, na Siku ya Mtoto wa Afrika ni tarehe 16 Juni. Anzeni wiki mbili kabla. Bango lililotengenezwa jioni ya kuamkia sherehe huonekana lilivyo.

## Vifaa

7. Kwa bango moja tununue nini?

Manila moja nyeupe au ya rangi hafifu, maka peni mbili (nyeusi na rangi nyingine moja), penseli, raba, rula ya sentimita 30, krayoni, gundi na soltepu. Manila za madukani hazina kipimo kimoja, kwa hiyo pimeni kwanza kabla ya kugawa nafasi (swali la 14).

Epukeni manila ya rangi iliyokolea. Krayoni hazionekani juu ya bluu nzito wala nyekundu, na mtoto atamaliza pakiti nzima akisugua.

8. Hatuna hela ya manila. Tutumie nini?

Karatasi nne za A4 zikiunganishwa kwa nyuma zinatoa ukubwa wa A2, yaani sentimita 42 kwa 59.4. Ziunganishe kwa soltepu upande wa nyuma tu, maana maka peni haishiki vizuri juu ya soltepu. Boksi lililopasuliwa linafaa pia, ila kahawia yake humeza rangi. Bandika karatasi nyeupe sehemu ya maandishi.

Walimu wengi hupenda kiroba cha salfeti, na wana haki. Kiroba cha kilo 50 kikipasuliwa ubavuni na chini kinatoa kitambaa cha karibu mita moja kwa mita moja, hakichaniki, na kikichafuka kinapanguswa. Kioshe kwanza, la sivyo unga uliobaki utaita panya. Kingo zake hufumuka baada ya siku chache. Kunja sentimita mbili pande zote na ushone kwa sindano kubwa. Usikianike juani mwaka mzima, kwani jua hukikausha hadi kikakatika chenyewe kama majani makavu.

9. Maka peni zimefutika kwenye kiroba. Kwa nini?

Mmetumia maka peni ya ubao mweupe. Imetengenezwa ifutike, na juu ya plastiki inaondoka hata kwa kiganja. Kwenye kiroba tumia maka peni ya kudumu. Kwenye manila zote mbili zinashika, lakini ile ya kudumu hupenya upande wa pili. Tandika gazeti chini, hasa kama dawati si lako. Harufu yake ni kali, kwa hiyo fungueni madirisha.

10. Gundi ya unga inapikwaje?

Koroga vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ngano au wa muhogo kwenye nusu kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji, mimina mchanganyiko huo kidogo kidogo huku unakoroga, na upike kwa moto mdogo dakika tatu hadi tano. Imeiva inapong'aa na kuacha weupe wa unga mbichi. Iache ipoe.

Mabonge hutokea unga ukimwagwa moja kwa moja kwenye maji ya moto. Karatasi ikijikunja kama chapati, gundi imepakwa nene mno. Paka nyembamba kwa kipande cha sponji, kisha lalia kwa vitabu vizito usiku mmoja. Gundi yenyewe hudumu siku mbili hivi kabla ya kuchacha, kwa hiyo pika ya siku hiyo.

11. Rangi za jikoni zinafaa?

Kwa siku chache, ndiyo. Binzari ya manjano hutoa njano kali lakini hupauka juani. Maji ya bitiruti huanza waridi na kuishia kahawia, jambo linalowavunja moyo walioyapaka kwenye shavu la mtoto mchorwa. Mkaa huchora vizuri mistari minene, ila hufutika kwa kila mkono unaopita. Tumia mkaa mwisho kabisa, baada ya mengine kukauka.

## Maneno

12. Tuandike "Usi..." au amri ya kawaida?

Amri ya kutenda hushinda katazo. "Usitupe taka ovyo" inamwambia mtoto asichofanya na kumwacha na ganda la ndizi mkononi. "Tupa taka hapa", na mshale unaoelekea kwenye pipa, inamaliza kazi. Katazo lina mahali pake pale penye hatari, kama waya wa umeme au shimo.

"Tunawe" ina upole kuliko "Nawa", kwa sababu mwandishi anajihesabu ndani. Darasa lichague lenyewe, lakini wasichanganye "Nawa" na "Tunawe" kwenye bango moja.

Chagueni pia kitenzi chenyewe. Mikono na uso hunawa mtu, vyombo huoshwa, nguo hufuliwa, mwili huogeshwa au mtu huoga, meno hupigwa mswaki. "Osha mikono" inasikika na inaeleweka. "Nawa" ndiyo iliyokaa sawa, tena ni fupi, na kwenye bango ufupi ni nafasi.

13. Makosa gani ya tahajia hujirudia?

La kwanza ni *r* na *l*. "Nawa mikono kabla ya kura" limewahi kugeuza mabango mengi ya afya kuwa ya uchaguzi. La pili ni *h* kudondoka au kuongezeka: "apa" badala ya "hapa". La tatu ni kugandisha maneno: "kablaya", "nawamikono". La nne ni *dh* kuwa *z* na *th* kuwa *s*, kama "samani" iliyokusudiwa kuwa "thamani", ambayo imekuwa meza na viti.

Dawa yake ni kusoma rasimu kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikiwa juu ya neno, na asome ambaye hakuandika. Aliyeandika husoma alichokusudia.

## Kupanga na kuchora

14. Tunapangaje nafasi ili maneno yasibanane mwishoni?

Tatizo hili lina sababu moja: mtoto anaanza kuandika kushoto kwa herufi kubwa bila kuhesabu, na anapofika ukingoni "sabuni" imekuwa "sabu" na "ni" imeshuka chini kama aliyeachwa na basi. Hesabuni kwanza.

Chukua karatasi ya sentimita 42 kwa 60, isimame wima. Piga kwa penseli pambizo la sentimita 3 kila upande. Ndani inabaki 36 kwa 54. Gawa urefu huo hivi: kichwa sentimita 12, nafasi tupu 2, picha kubwa 28, nafasi tupu 2, hatua ndogo 10. Jumla 54.

Kichwa ni "Nawa mikono / kwa sabuni", mistari miwili, herufi ndefu sentimita 5, katikati ya mistari 2. Mstari wa kwanza una herufi kumi na nafasi moja, yaani 11. Gawa 36 kwa 11, unapata takriban sentimita 3.2 kila moja. Mstari wa pili una 10, kila moja 3.6. Weka alama za penseli. Kisha rekebisha kwa jicho: *w* na *m* zinahitaji mara moja na nusu ya nafasi yao, *i* inatosheka na nusu. Andika kwa penseli, tazama kutoka mlangoni, ndipo upitishe maka peni.

Picha kubwa iwe mikono miwili yenye povu chini ya maji yanayotiririka, wala si mtoto mzima aliyesimama kando ya bomba. Mtoto mzima akichorwa, mikono inakuwa midogo kama njugu, na mikono ndiyo habari yenyewe. Chini weka vipande vinne: lowesha, paka sabuni, sugua sekunde 20, suuza. Kwenye "sugua" onyesha katikati ya vidole na kwenye kucha, maana hapo ndipo panaporukwa.

15. Herufi ziwe na ukubwa gani?

Kadiria sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali. Herufi za sentimita 5 zinasomeka bila taabu mita 6. Hatua za chini, zenye sentimita 2, ni za aliyekwisha kufika. Unene wa mstari uwe karibu moja ya sita ya kimo, na maka peni ya ncha nyembamba inabidi ipite mara mbili. Kwa darasa la I na la II andika herufi ndogo kama wanazojifunza kusoma, siyo herufi kubwa tupu.

16. Rangi ngapi zinatosha?

Tatu. Nyeusi au bluu nzito kwa maneno, moja ya kuvutia kwa kitenzi, moja ya picha. Njano kamwe isiandikiwe juu ya nyeupe. Haionekani hata mita mbili. Mkionyesha sahihi na kosa, ongezeni alama ya vema na ya mkasi, kwa kuwa wapo watoto wasiotofautisha nyekundu na kijani.

17. Mtoto anasema hajui kuchora.

Aweke kiganja juu ya karatasi na apitishe penseli kandokando. Huo ni mkono wa kunawa, wa kusalimia, wa kunyoosha darasani, wa kusimamisha gari kwenye kivuko. Mswaki, kikombe, kiatu na kipande cha sabuni vinafuatishwa vivyo hivyo. Picha za kukata kwenye magazeti na maboksi ya dawa ya meno zinaruhusiwa. Kumchorea ni jambo jingine. Soma swali la 22.

18. Tumekosea na maka peni haifutiki.

Usisugue wala usipake rangi ya kuficha. Kata kipande cha manila ileile, kibandike juu ya neno zima badala ya herufi moja, kisha andika upya. Kiraka cha herufi moja huonekana kuliko kosa.

## Kubandika na kutunza

19. Libandikwe kimo gani?

Macho ya msomaji yakutane na katikati ya bango. Kwa watoto wa madarasa ya mwanzo ni kama mita 1.1 kutoka chini, kwa wakubwa mita 1.3 hadi 1.4. Mabango mengi hubandikwa na mwalimu mrefu, kwa kimo chake.

20. Linadondoka kila siku.

Ukuta wa chokaa hutoa vumbi, na soltepu inashika vumbi badala ya ukuta. Bandika fito nyembamba juu na chini ya bango kwa nyuma, funga kamba ya katani kwenye fito ya juu, na litundike kwenye msumari mmoja. Fito ya chini hulinyoosha na kulizuia lisipepee.

21. Mvua na maji ya bombani?

Penye maji tumia kiroba, au ingiza manila kwenye plastiki angavu na uzibe juu na pande mbili kwa soltepu. Chini acha wazi. Ukiziba kote, unyevu unaobaki ndani huleta ukungu mweusi, na wino wa maka peni ya ubao huanza kutiririka.

Baada ya wiki sita hivi, hata lililo zima halionekani tena, macho yamelizoea. Libadilisheni na la kundi jingine.

## Yasiyo ya kawaida

22. Mzazi asaidie hadi wapi?

Kisu, sindano, moto na gundi ya moto ni kazi ya mzazi. Kushikilia rula mtoto akipiga mstari, sawa. Kuuliza "mwenzako akisimama mlangoni ataona?" ni msaada mkubwa kuliko wote. Kuandika kichwa cha habari kwa mwandiko wako mzuri si msaada, na mwalimu aliyekagua madaftari ya mtoto muhula mzima anaujua mwandiko wake.

23. Mtoto wa mkono wa kushoto anachafua kila anachoandika.

Kiganja chake kinapita juu ya wino mbichi. Penseli imalizwe kwanza kwa maneno yote, kisha maka peni ianzie herufi ya mwisho kwenda ya kwanza. Au aweke karatasi safi chini ya kiganja na kuihamisha.

24. Watoto wamemchora mwenzao kama mfano wa mchafu.

Lisibandikwe. Hata bila jina, darasa zima linamjua mwenye begi lile au kovu lile. Waelekezeni wachore tendo badala ya mtu: mikono, viatu, pipa, mswaki.

25. Darasani yupo mwanafunzi asiyeona vizuri.

Ongezeni kimo cha kichwa mara mbili, nyeusi juu ya nyeupe. Kwa asiyeona kabisa, pitisheni gundi kwenye mistari ya picha na mnyunyizie mchanga mkavu au mbandike uzi mnene, na bango likae anapoweza kulifikia kwa vidole.

26. Bango linasema "Nawa mikono kwa sabuni", lakini hapo hakuna maji wala sabuni.

Tengenezeni kwanza kibuyu chirizi, au vyote siku moja. Dumu la lita 5 litobolewe kwa msumari wa moto upande wa mbele, chini kidogo ya shingo. Lipitishwe kwenye kijiti kilicholala juu ya panda mbili, na kamba ifungwe shingoni hadi kwenye kijiti cha kukanyaga chini. Maji yajae hadi chini ya tundu. Dumu likiinama yanachirizika, mguu ukiachia yanakoma. Tandaza kokoto chini pasiwe na tope.

Kipande cha sabuni kikitobolewa na kutundikwa kwa kamba hakiibiwi upesi. Kisipopatikana, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kikiwa na tundu dogo, vinatosha watoto wengi. Andikeni kwa zamu nani anajaza dumu kila asubuhi, na orodha hiyo ibandikwe chini ya bango.